Kabla ya Kung'oa Brauni

Klabu ya gofu ninayoihudumia ni ndogo, mashimo tisa tu, katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Zamani wageni kutoka Dar es Salaam au Nairobi walikuwa wakifika kwetu wanacheka. Wao wamezoea kumalizia kila shimo kwenye grini, yaani nyasi zilizokatwa chini kabisa. Sisi tulikuwa na brauni: duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukashindiliwa na kusawazishwa. Mpira ukishafika pale, kedi, yaani mbeba mkoba wa mchezaji, anakokota kipande cha bomba kwa kamba kutoka mpira ulipo hadi shimoni, njia inalainika, mchezaji anapiga. Akitoka, alama za viatu zinafutwa kwa ajili ya wanaokuja nyuma.

Nilizitunza brauni hizo kwa miaka mingi kabla hatujaanza kuzibadilisha, nami sikubali ziitwe aibu. Brauni hainywi maji. Oili inashika vumbi na kuzuia magugu, na mchwa hawaipendi. Kiangazi kinaingia Juni, kinatoka Oktoba, na brauni unaikuta kama ulivyoiacha. Ilitaka kuchekechwa mara kwa mara, kuongezewa oili ikianza kupauka, na mtu mmoja mwenye reki na moyo wa kazi. Ubaya wake upo, nitaufikia, lakini ubaya huo sio uliokuwa ukiwachekesha wageni.

Kamati ilipoamua tuweke grini, mazungumzo yote yalikuwa ya nyasi. Aina gani, zinunuliwe wapi, zitakuwa za kijani kiasi gani. Mimi niliuliza bwawa letu huwa limebaki na maji kiasi gani mwezi wa kumi. Ukumbi ukanyamaza, kisha mmoja akasema bwawa lipo tu, halijawahi kukauka. Bwawa ambalo halijawahi kukauka linaweza kuwa ni bwawa ambalo hakuna aliyewahi kulinywa.

Hesabu yenyewe haihitaji msomi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Grini ya mita za mraba 400 ni ya kawaida, wala si kubwa. Siku ya kiangazi yenye jua na upepo nyasi na mchanga vinaweza kupoteza milimita 5. Hizo ni lita 2,000 kwa grini moja, na kwa grini tisa ni lita 18,000, sawa na mapipa 90 ya lita 200. Kila siku. Na hapo hujamwagilia hata feawei moja, yaani njia ya nyasi inayoelekea kwenye grini. Ongeza umeme wa pampu, na siku ambayo umeme hakuna, dizeli ya jenereta. Nasi bado tuna majirani walio upande wa chini wa mfereji wa maji, ambao wana mahindi na maharage, na ambao hawajali kabisa nani kashinda kombe la mwezi.

Kwa hiyo tukaanza na bwawa na mabomba, na kwa msimu mzima mwanachama hakuona hata jani moja jipya kwa fedha aliyochanga. Wakanung'unika. Ndiyo tabia ya kazi hii: sehemu kubwa ya fedha inakwenda mahali pasipoonekana.

Kisha tukachimba brauni ya kwanza, na hapo ndipo ubaya wake ulipojitokeza. Oili iliyomwagwa mwaka baada ya mwaka ilikuwa imeshuka chini kuliko nilivyodhani. Unachimba, unanusa, unachimba tena. Nyasi hazioti kwenye udongo wa namna hiyo, na huwezi kuutupa korongoni maana mvua ya kwanza itaupeleka mtoni. Tuliutenga mbali na maji, kwenye sehemu iliyosakafiwa na kuezekwa, na kuuondoa likawa suala jingine lenye gharama zake. Klabu zinazopanga bajeti ya grini huusahau mchanga huu. Zinahesabu kinachoingia, hazihesabu kinachotoka.

Shimo likishakuwa safi ndipo grini inapoanza kujengwa, kwenda juu. Wengi wetu tunafuata mpangilio ambao chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliutoa mwaka 1960: mifereji ya bomba chini kabisa, kokoto sentimita 10, halafu mchanga sentimita 30. Kuna jambo hapa ambalo vijana wangu hawakuliamini mpaka walipoliona. Maji hayashuki kutoka kwenye mchanga kwenda kwenye kokoto zilizo chini yake mpaka mchanga ule ushibe kwanza. Kokoto ndizo zinazoufanya mchanga utunze akiba ya maji kwa ajili ya mizizi, na mvua ikizidi ndizo zinazoyaachia. Tabaka moja linafanya kazi mbili zinazopingana.

Mchanga huo si mchanga wowote. Kwa grini ya mita za mraba 400 unahitaji mita za ujazo 120, yaani safari 12 za lori la ujazo wa mita 10, na kila lori lazima lipimwe kabla halijamwaga. Klabu tajiri hupeleka sampuli maabara. Sisi pia tulipeleka ya kwanza, lakini maabara haiko getini. Getini nilikaa na chupa ya kioo: mchanga nusu, maji nusu, tikisa, weka chini. Ukiona tope limelala juu kama uji, lori linageuka. Madereva walinichukia sana. Mmoja aliniambia, "Mzee, huu mchanga unajengea maghorofa." Nikamwambia maghorofa hayahitaji kupumua.

Nyasi zilikuwa sehemu rahisi. Kwenye feawei hatukupanda kitu, tunazo nyasi za kikuyu ambazo kwao ni huku huku kwenye nyanda zetu, na ambazo leo zimetapakaa hadi California. Uwanja maarufu wa Riviera, Los Angeles, unazo kwenye feawei zake. Kwenye grini tuliweka Tifdwarf, ukoka mfupi uliotolewa mwaka 1965 huko Tifton, jimbo la Georgia. Ukifuatilia ukoo wake, mzazi mmoja ni ukoka wa kawaida na mwingine anatoka Afrika Kusini, kwa hiyo tulikuwa tunamrudisha mjukuu nyumbani. Hauzai mbegu. Unapandwa kwa vipande vya matawi, unanyunyiziwa mchanga, unamwagiliwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kwa wiki kadhaa hakuna anayelala vizuri.

Tangu hapo siku zetu zinaanza kabla ya jua. Kwanza tunapukuta umande kwa fimbo ndefu nyembamba, maana umande ukikaa juu ya jani fupi ukungu unapata mlango. Halafu shimo linahamishwa. Kikatio kinatoa kipande kamili cha udongo na nyasi, shimo jipya lenye upana wa milimita 108, kipimo kilekile dunia nzima, na kipande kinakwenda kuziba shimo la jana. Kazi ndogo, lakini mtu akiziba vibaya kunabaki kovu ambalo mpira utaligundua kabla yake. Mwisho ni kukata, kwa mashine ya visu vya mviringo, ambayo msingi wake haujabadilika sana tangu Edwin Budding aibuni Uingereza mwaka 1830. Kisu kikiwa butu hakikati, kinararua, na ncha za nyasi zinageuka nyeupe. Nikitembelea uwanja wa watu, sitazami bendera. Nainama natazama ncha.

Mwanachama mmoja alikwenda Nairobi kutazama mashindano ya Kenya Open, akarudi na homa ya kasi. Kwenye grini za Muthaiga, uwanja yalikochezwa mashindano hayo, mpira unateleza, kwetu kwa nini unatambaa? Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa kilichotokana na wazo la Mmarekani Edward Stimpson la mwaka 1935, mteremko mdogo wa metali unaouachia mpira, kisha unapima umekwenda umbali gani. Mwanachama huyo akataka tushushe visu. Nikamweleza kwamba jani ndilo linalolisha mzizi. Ukilikata chini zaidi ya linavyoweza kustahimili, mzizi unafupika, na mzizi mfupi unaomba maji asubuhi na tena saa nane mchana. Muthaiga walipojiandaa kwa wiki ile walikuwa na watu na mashine za kuibeba. Kwetu kasi yote inalipwa bwawani. Tukakubaliana kukata kwa urefu wa milimita 4 na nusu, na wiki ya mashindano yetu tunasukuma rola badala ya kushusha kisu.

Ugomvi ambao haujaisha ni wa kutoboa. Grini ikikanyagwa inashikana, na dawa yake ni kuitoboa vitundu vyenye upana wa kidole, kuondoa vile vipande, na kusugulia mchanga mkavu ndani yake. Kurudishia mchanga ni kazi ya kale. Old Tom Morris, aliyetunza uwanja wa St Andrews kuanzia 1865, anakumbukwa sana kwa hilo. Lakini grini iliyotobolewa leo inatisha kuitazama, na kwa wiki mbili au zaidi mpira unarukaruka. Wakati mzuri ni nyasi zinapokua kwa nguvu, mvua zikiwa zimeanza na joto lipo, na huo ndio wakati nahodha wetu hupenda kualika klabu nyingine.

"Bwana shamba, umeiua grini yangu."

"Sijaiua, mzee. Nimeifungua pua."

"Si ungengoja nimalize wageni wangu?"

Kila mwaka tunazungumza hivyo hivyo, na kila mwaka anasogeza tarehe kidogo, mimi nasogeza kidogo, na kitundu kinapigwa wiki mbili baada ya siku niliyoitaka. Nimejifunza kuomba mapema kuliko ninavyohitaji.

Mwaka jana kamati ya klabu nyingine, ya brauni kama tulivyokuwa sisi, ilikuja kutazama. Walitembea juu ya grini bila viatu, wakapiga picha, wakaniuliza nyasi tulizipata wapi. Niliwapeleka bwawani, nikawaonyesha alama tulizochora kwenye nguzo ya saruji, mwezi kwa mwezi, kisha chumba cha pampu na daftari la dizeli. Nikawaambia wapime maji yao hadi mwisho wa Oktoba, na kama namba hazitoshi, waweke kokoto na mifereji kwenye feawei zao zinazotuamisha maji wakati wa masika, wanunue mashine nzuri ya kukatia, na brauni waziache ila waache kumwaga oili chafu na watafute kifungio kingine cha mchanga. Mwenyekiti wao hakufurahi. Mhazini aliomba nakala ya daftari, nikampa, na Desemba alinipigia simu kuuliza bei ya mabomba ya mifereji, si ya nyasi.