Mwaloni au Muatini?

Leo sina PHP wala hifadhidata ya kuwapa, nina pombe ya asali. Msiokunywa mnivumilie, maana kuna kompyuta kidogo humu ndani.

Tangu nimalize shahada yangu huwa natengeneza pombe hiyo jikoni, lita kumi hivi, ya kunywa na marafiki. (Mimi siuzi.) Vitabu vya Wazungu vinashauri kwamba asali ikishachacha itiwe vipande vya mwaloni, mti ule wa mapipa ya whisky, vikiwa vimechomwa kidogo. Sababu inaeleweka. Asali ni sukari karibu asilimia 80, lakini haina ule ukakasi unaoshika ulimi. Mwaloni unauleta, na ukichomwa unatoa vanilini, yaani ladha ya vanila.

Nilipomweleza mjomba wangu kule Kibwezi, Makueni, aliniuliza swali moja tu: "Mpwa wangu, huo mti unachachusha?" Nikasema hapana, unatia ladha tu. Akacheka sana, akateremsha gunia lililokuwa juu ya meko.

Ndani mlikuwa na vipande vya muatini. Kiswahili mti huo ni mwegea, Wakikuyu wanauita muratina, wataalamu Kigelia africana. Matunda yake ni kama soseji kubwa, mengine yanapita nusu mita, na likiwa bichi ni sumu. Hapa Ukambani, Kitui na Makueni, tunda hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa likabaki nyuzinyuzi kama dodoki. Kisha hulowekwa katika maji ya asali mpaka chachu ikae kwenye nyuzi, na kuanikwa tena. Basi hapo kipande kiko tayari. Kila unapotengeneza uki wa nzuki unakitumbukiza, kinachachusha, unakitoa, unakikausha. Chachu inalala humo mpaka safari ijayo.

Mwaona tofauti? Mwaloni ni pambo la ukurasa. Muatini unatia ladha yake, halafu ndio diski yenye programu yenyewe. Na usithubutu kuchemsha kipande kilicho tayari, eti usafi kama vitabu vinavyosema. Hiyo ni kufomati diski.

Sasa shida. Vipande vya mjomba vilitoka kwa babu. Watoto wake wameokoka, hawavigusi, na mkewe ameshasema siku mzee akiondoka gunia litakuwa kuni. Sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini seva moja, nakala moja, na tarehe ya kuzimwa imeshatangazwa! Mtu wa kompyuta atalalaje?

Kule Norway wakulima walikausha chachu zao, kveik, kwenye pete za mbao, wakarithishana. Ya kwako ikiharibika uliomba kwa jirani. Nyingi zilipotea. Mtaalamu wa programu kama sisi, Lars Marius Garshol, alizunguka mashambani akizitafuta na kuziandika, na mwaka 2020 akatoa kitabu juu ya pombe za kienyeji. Baadhi ya chachu hizo zinafanya kazi kwenye joto la nyuzi 40, ambalo lingeharibu bia ya kawaida, na leo kampuni zinaziuza duniani kote. Za kwetu nani amezipima hata kwa kipimajoto?

Kuhusu mwaloni, sijaukataa. Ila uki hunywewa baada ya siku mbili tatu, ungali na ukungu wake, na mbao zinataka majuma. Kwa hiyo nagawa: lita tano zinanyweka zikiwa changa, tano zinakaa na mwaloni miezi miwili. Zote zinachachushwa na muatini wa babu.

Mjomba alinipa vipande vinne. Viwili viko kwangu ndani ya chupa kavu, viwili nimempa rafiki huko Kitui mjini. Mwenye vya kwao, wa Mwingi au Mutomo, tubadilishane viwili kwa viwili.