Barua kwa Mpwa Anayeanza Safari za Japani

Mpwa wangu,

Baba wa familia anayeishi kwa biashara ya magari ya Japani hulazimika kuishi kwa saa mbili. Tokyo iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 6, na tofauti hiyo huisumbua nyumba kuliko tiketi, viza au bei ya yeni. Mtoto anapopanda kitandani saa mbili usiku, Tokyo ni saa nane za usiku na baba amelala. Baba akisubiri kazi iishe saa kumi na mbili jioni ndipo apige simu, nyumbani ni saa sita mchana na mtoto yuko darasani. Wakati unaofaa pande zote ni saa kumi na mbili asubuhi ya Dar, mtoto akinywa uji kabla ya basi la shule kufika, kwa kuwa Tokyo ni saa sita mchana na baba anakula. Simu hiyo ipigwe kila siku, saa ileile, hata ikiwa ya dakika tano. Mtoto mdogo hahesabu siku za safari. Anachojua ni kwamba sauti ya baba huja pamoja na uji, na siku isipokuja huuliza.

Safari yenyewe nayo iwe na sababu. Magari ya mitumba yamejaa Japani kwa sababu ya ukaguzi wa lazima: gari jipya la familia hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama kubwa, na kodi ya uzito hupanda gari linapofikisha miaka 13. Wengi huona afadhali wauze. Usukani uko kulia kama wetu, ndiyo maana magari yao kama IST na Noah yanaingia barabarani Dar bila kugeuzwa chochote. Siku hizi sehemu kubwa ya ununuzi hufanyika minadani kwa intaneti, na mfanyabiashara mchanga anaweza kufanya mengi akiwa sebuleni kwake, mtoto mapajani, ilimradi ajue kusoma karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari. Daraja la 4 au 4 na nusu ni gari zuri. Herufi R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro mdogo wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu. Hiyo S isichukuliwe kirahisi. Gari lililotumika Hokkaido au kaskazini mwa kisiwa cha Honshu limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na kutu hula chini ambako picha hazifiki. Kwenda kuinama uvunguni mwa magari ya namna hiyo ni sababu ya kutosha ya kusafiri. Kwenda kwa ajili ya kupiga picha mbele ya mnara wa Tokyo si sababu, hasa nyumbani kukiwa na mtoto mchanga.

Akiwa huko, baba na atazame wazazi wenzake wanavyoishi, kwa kuwa hapo ndipo maoni mengi ya haraka huzaliwa. Asubuhi ataona watoto wa darasa la kwanza wakienda shule kwa miguu, wengi kwa makundi, bila mzazi. Shuleni wanafunzi hufagia madarasa yao wenyewe, na chakula cha mchana hupakuliwa na watoto wa zamu waliovaa aproni na kofia nyeupe, kila mmoja akihudumia wenzake kabla ya kula. Hili linafaa kuigwa, na halihitaji fedha. Katika nyumba nyingi za mjini kwetu dada wa kazi huosha hata kikombe cha kijana wa miaka kumi. Kijana huyo anaonewa, kwani ananyimwa kujua kwamba nyumba ni yake pia.

Lakini nchi ile isisifiwe yote kwa jumla. Baba wa Kijapani anayerudi kutoka ofisini watoto wakiwa wamelala ni jambo la kawaida, na makampuni kwa miaka mingi yamewahamishia wafanyakazi miji ya mbali huku mke na watoto wakibaki nyuma ili shule isikatizwe. Sheria yao inampa baba likizo ya malezi hadi mtoto atimize mwaka mmoja, ukarimu ambao nchi chache zinaufikia, lakini mwaka 2012 waliochukua likizo hiyo hawakufika 2 katika kila 100. Waliogopa macho ya wenzao kazini. Tangu Oktoba 2022 kuna likizo ya ziada ya hadi wiki 4 ndani ya wiki 8 za kwanza za mtoto, na mwaka 2023 waliochukua likizo walifikia 30 katika kila 100. Tanzania sheria humpa baba aliyeajiriwa siku 3, Kenya wiki 2. Anayejiajiri hana sheria inayompa wala inayomnyima. Zile wiki za kwanza ni uamuzi wake mwenyewe, na akizitumia Yokohama hakuna wa kumrudishia.

Adabu za huko si ngumu kwa mtu wa pwani. Viatu huvuliwa mlangoni, wakubwa hupewa heshima, kitu hupokewa kwa mikono miwili. Kwenye treni simu hunyamazishwa. Mwislamu aulize kuhusu mchuzi kabla ya kula, maana pombe ya mchele huingia katika mapishi mengi. Tokyo kuna msikiti mkubwa karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, na Kobe upo uliojengwa mwaka 1935.

Baba awe pia na jambo analolipenda nje ya kazi, na liwe ambalo mtoto anaweza kukaa karibu nalo. Mpira wa kwenye runinga hadi usiku wa manane haumfai mtoto. Mchezo wa bao unamfaa. Wajapani wana shogi, mchezo wa ubao wenye vipande 20 kila upande, ambamo kipande kilicholiwa hurudishwa mchezoni kikimpigania aliyekila. Katika bao la Kiswahili nako kete 64 hazitoki ubaoni: zilizoliwa husambazwa upande wa aliyekula. Baba akinunua ubao mdogo wa shogi, akauweka barazani karibu na bao, amepata mazungumzo ya jioni nyingi na watoto wake, na zawadi hiyo inashinda midoli ya betri inayoletwa kama fidia ya kutokuwepo.

Akirudi, asigeuke mtoa amri. Wakati hayupo mama amepanga nyumba: saa za kulala, nani anaoga kwanza, runinga inazimwa lini. Baba anayevuruga ratiba hiyo siku ya kwanza kwa furaha ya kuonana na watoto humwachia mke kazi ya wiki nzima. Aulize kwanza nyumba inaendaje, aifuate, na kama ana rai amweleze mkewe faraghani.

Kalenda ya safari ipangwe kwa pande zote mbili. Minada husimama siku za mapumziko ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kisha katikati ya Agosti. Mwisho wa Desemba hadi siku za mwanzo za Januari hufungwa pia, na wakati huo shule za Tanzania ziko likizo ndefu. Safari ya majuma hayo haina faida kwa biashara wala kwa watoto.

Mjomba wako