Tambi za Chumvi

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tambi zilikuwa za sukari. Vijana wakikuta leo tambi, kuku na tui vimepikwa pamoja katika sufuria moja, wengine hudhani ni chakula cha tangu jadi, wengine hudhani kimetoka kwenye simu juzi. Mimi nilikiona kikizaliwa jikoni kwa mama, na nawajua walioshika mwiko.

Nyanya yangu alipika tambi mwezi wa Ramadhani, na mara mojamoja siku za maulidi. Alizivunjavunja zikiwa bado ndani ya pakiti, akazimimina kwenye samli iliyokwisha kupata moto, akazigeuza bila kuinua macho. Tambi hazina subira: ukizungumza na mtu mlangoni zimeshaungua. Zikishika rangi ya dhahabu alitia tui, sukari, iliki na zabibu kavu, akafunika kwa bati, akapalia makaa juu yake na kupunguza ya chini, vilevile alivyofanya kwa wali. Hapakuwa na maji ya kumwaga. Tambi zilikunywa tui lote, zikakauka na kuachana, na adhana ya magharibi ikiita zilikuwa tayari kwenye visahani kando ya viazi vya karai na mahamri.

Kuku alikuwa na mahali pake pengine kabisa. Alichomwa kwenye makaa, akarudishwa kwenye rojo zito la tui, ndimu na pilipili, akaliwa kwa mkate wa mofa au kwa wali. Kumkutanisha na tambi halikuwa jambo la kukatazwa. Halikumpitikia mtu tu.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre, mtawala wa Somalia, ilianguka Mogadishu, na vita vikashuka pwani yote ya Benadir. Watu wa Barawa, mji wa bandari ulio kusini ya Mogadishu, walipanda majahazi na mashua na chochote kilichoelea, wakaja kuteremka kwetu. Wengi waliwekwa katika kambi ya Utange, upande wa bara ya kaskazini. Waliokuwa na jamaa au akiba kidogo walipanga vyumba mjini, na familia moja ikapanga ghorofa ya juu ya nyumba yetu. Lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili, kwa hivyo tangu wiki ile ya kwanza akina mama walikuwa wakisemezana ngazini, huyu kwa lahaja yake na yule kwa yake, na kazi zikienda. Mama wa nyumba ile sisi watoto tulimwita Khaloo.

Khaloo alipika tambi za chumvi. Alizipika mchana wa siku ya kawaida, wala haukuwa mwezi mtukufu, akazila na mchuzi wa nyama. Kwa Barawa hilo halikuwa jambo la ajabu. Waitalia walitawala pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi Waingereza walipowang'oa mwaka 1941, kisha wakarudi mwaka 1950 kwa idhini ya Umoja wa Mataifa na kukaa hadi uhuru wa 1960. Waliacha mashamba ya ndizi kando ya mto Shabelle na waliacha tambi mezani, na Wasomali wakaviunganisha viwili hivyo kwa namna ambayo Muitalia hakuifikiria. Watoto wa Khaloo walimenya ndizi mbivu, wakaikata juu ya sinia, na kila tonge la tambi na mchuzi likaenda na kipande cha ndizi. Nilipoonja mara ya kwanza nilishangaa jinsi utamu wa ndizi unavyotuliza pilipili. Mpaka leo nawatetea mbele ya yeyote anayekunja uso.

Yeye alipika kwa sufuria mbili. Moja ilikuwa ya mchuzi, waliouita suugo: kitunguu, thomu, nyanya nyingi, nyama, na bizari za xawaash alizosaga mwenyewe na ambazo harufu yake ilishuka ngazi zote hadi barazani. Ya pili ilikuwa kubwa, ya maji yanayotokota, yenye chumvi. Tambi zikiiva aliyamwaga maji yote, nayo yaliteremka mtaroni meupe na mazito.

Maji hayo ndiyo yaliyomkera mama. Mtu asiyekaa kisiwani hawezi kujua uchungu huu. Maji ya Mombasa hutoka mbali. Mengine huja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, na mifereji ikikauka, tena ilikuwa ikikauka kila mara, tuliyanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Desturi ya Kitalia ni lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi. Familia ya watu wengi ilikuwa ikimwaga karibu robo ya mtungi baada ya kuyachemsha kwa mafuta taa yaliyonunuliwa. Zaidi ya hapo, stovu yetu ilikuwa na moto mmoja, na mwenye moto mmoja hawezi kupika sufuria mbili kwa wakati mmoja.

"Kwa nini usiziache zinywe?" mama alimuuliza siku moja ngazini.

"Zitagandana, dadangu. Utakula uji."

"Mbona wali haugandani?"

Khaloo alicheka, lakini hakukubali. Mwanamke aliyelelewa akila tambi angekubalije kufundishwa tambi na mtu aliyezijua za sukari peke yake? Hata hivyo alishuka jikoni kwetu jioni ile kuangalia, akaketi kwenye kigoda, na ushauri wake ulikuwa na maana kubwa katika yaliyofuata.

Mama alikuwa na kuku wa kienyeji. Alimkata vipande, akamchemsha kwa thomu, tangawizi na pilipili manga mpaka nyama ikalegea, na kuku wa kienyeji hana haraka ya kulegea. Huku nyuma mimi nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Mama aliikamua kwa kifumbu cha ukindu: tui la kwanza zito akaliweka pembeni kwenye bakuli, kisha akatia maji kwenye machicha, akakamua la pili, akarudia tena. Alikaanga kitunguu kikawa chekundu, akatia manjano kidogo, akamimina supu ya kuku pamoja na lile tui jepesi. Vilipochemka, akavunja tambi mara tatu na kuzizamisha.

Hapo Khaloo akainuka. Alimnyang'anya mama mwiko, kwa adabu lakini alimnyang'anya, akaanza kukoroga kutoka chini. Alisema tambi hushikana mwanzoni, zinapoingia tu kwenye moto. Zikivuka pale hazina neno tena. Alikoroga mpaka zilipolainika na kuteleza, akarudisha mwiko, akasema sasa punguza moto. Mama akarudisha vipande vya kuku. Tambi zilipokaribia kuiva akamimina tui zito na kuendelea kukoroga polepole bila kufunika, maana tui likiachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakapanda juu na mabonge yakabaki chini.

Halikukatika. Rojo lilikuja laini, la manjano, likashika kila uzi wa tambi, na ukiinua mwiko lilianguka zito. Nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye ni kwa nini. Tambi zinapoiva huachia wanga, na wanga ule huvimba kwenye maji ya moto ukayafanya mazito. Mafuta ya nazi yakiingia humo hushikwa, yasipate njia ya kujitenga. Uzito wote huo, jikoni kwa Khaloo, ulikuwa ukienda mtaroni. Kwa njia ya mama ulibaki ndani ya sufuria, na ndiyo sababu hakuhitaji unga wala kiazi cha kuponda.

Tulikula kwenye sinia moja, nyumba mbili pamoja, ndimu ikakamuliwa juu baada ya kupakua. Baba aliyezoea wali kila usiku aliuliza kama hiki kilikuwa chakula au kitafunio, akala, kisha akataka kipande cha mkate afutie rojo lililobaki. Kuanzia hapo tambi za kuku zikawa chakula chetu cha Alhamisi usiku, na kwa muda mfupi nyumba za jirani nazo zikawa zinapika, kila moja na yake: huyu na karoti, yule na kitimiri, mwingine na pilipili boga. Ukweli ni kwamba majirani huigana, na sijaona njia bora ya mapishi kusafiri.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikimalizika, kambi za Mombasa zilifungwa. Watu wengi wa Barawa walihamishiwa Marekani, wengine Uingereza. Khaloo na wanawe walikwenda Columbus, Ohio. Mama alilia siku zile kuliko nilivyowahi kumwona akilia kwa ajili ya mtu asiye wa damu yake.

Halafu jiko lenyewe likabadilika. Mtungi mdogo wa gesi, meko ya kilo 6, uliingia vyumba ambavyo havikuwa na kingine ila makaa na mafuta taa. Kuku wa broila, ambaye huwa tayari kuchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, akawa ndiye kuku wa kila siku, na wa kienyeji akabaki wa mgeni na sikukuu. Kwenye maduka makubwa zikajaa pakiti za krimu ya kupikia, isiyohitaji mbuzi wala kifumbu. Binti yangu alipofika umri wa kupika, alipika tambi za kuku kwa krimu na jibini, akaziita alfredo, na rafiki zake wote waliziita hivyo.

Nilisoma habari za huyo Alfredo. Alikuwa mwenye mkahawa Roma, Alfredo di Lelio, na tambi zake zilikuwa na siagi, jibini la Parmesan na maji ya moto ya tambi zenyewe, basi. Hapakuwa na krimu, hapakuwa na kuku. Mwaka 1927 waigizaji wa filamu wa Marekani, Mary Pickford na Douglas Fairbanks, walimzawadia kijiko na uma vya dhahabu, na jina lake likaenea Marekani. Huko ndiko krimu na kuku vilikotiwa. Nilifurahi kuona kwamba hata yule mpishi wa Roma alikuwa akiutegemea wanga wa tambi kushikamanisha mafuta, kama mama alivyofanya kwa tui.

Krimu siichukii. Ni laini, ina subira na moto, na mtu aliyerudi kazini saa mbili usiku ana haki ya kufungua pakiti. Lakini nimeipika na nimeila, na naona pamoja na kuku wa broila hupoa mdomoni. Sababu kubwa ni kuku mwenyewe. Nyama yake huiva kabla maji hayajapata ladha, kwa hiyo ile supu iliyokuwa msingi wa sufuria ya mama haipo tena, na krimu haiwezi kuifidia. Binti yangu ndiye aliyepata dawa, si mimi. Huchukua mapaja yenye ngozi, akayapaka chumvi, pilipili manga na thomu, akayalaza kwenye sufuria yenye moto mkali, ngozi chini, bila kuyagusa mpaka yawe mekundu na kuachia yenyewe. Huyatoa, akakaanga kitunguu kwenye mafuta yale yale, akamwaga maji kidogo na kukwangua kwa mwiko kile kilichogandia chini. Ladha yote iko pale. Maji hubadilika kuwa kahawia papo hapo, na mtu angeapa kuna supu ya saa nzima.

Baada ya hapo yeye mwenyewe, bila kushurutishwa, akarudi kwenye nazi. Haikuwa heshima kwa wazee. Alikuwa amelinganisha bei ya pakiti na bei ya nazi mbili za soko la Marikiti, kisha akalinganisha ladha. Nazi anaisaga kwa blenda na kuikamua kwa kitambaa, na kifumbu cha mama kimetundikwa ukutani. Kwa pakiti ya gramu 400 hutia kama lita moja na robo ya tui jepesi na maji ya kukwangulia, mapaja hurudi juu tambi zikiwa nusu kuiva, tui zito la mwisho. Ndimu kwenye sahani.

Khaloo bado hutupigia simu, sasa kwa video, na wajukuu zake wakipita nyuma yake wakisema Kiingereza. Huko Ohio naye ameacha sufuria mbili. Hupika ya mama, kwa tui la kopo, na ndizi pembeni hakuna wa kumwachisha. Mwaka jana binti yangu alimuuliza unapataje tui jepesi na tui zito ndani ya kopo moja, naye akasogeza kopo karibu na kamera.

"Usilitikise, mwanangu. Liache lilale usiku kwenye friji. Zito litaganda juu, ulichote kwa kijiko uliweke mbali. Maji yaliyobaki chini ndiyo ya kupikia tambi."