Mbwa wa Njia ya Koboko

Nilikuwa nimewasili Arua usiku uliotangulia, baada ya kuvuka Mto Nili kwa daraja la Pakwach, na asubuhi yake, kofia yangu ya Lamu kichwani na mkoba mmoja mapajani, niliketi katika gari la abiria la kwenda Koboko, mwendo upatao kilomita 55 upande wa kaskazini, nikingoja lijae. Kwa maana magari ya huko, mithili ya yale ya kwetu pwani, hayana habari na saa, yanajua idadi ya vichwa tu. Arua imepewa hadhi ya jiji tangu Julai 2020, lakini pale kituoni ilikuwa bado ni soko, na Kiswahili kilichopigiwa makelele kilikuwa kile cha askari na wachuuzi, kikavu, kisicho na mapambo, nami nilikipenda.

Abiria wa mwisho alikuwa mama mmoja Mkakwa, mchuuzi wa angara, yaani samaki wakavu watokao Ziwa Albert, aliyekuja na vikapu viwili, na nyuma ya vikapu mbwa mwembamba wa rangi ya udongo.

“Mama, mbwa hapana,” akasema dereva.

Mama akajibu kwamba hata yeye hakumtaka; kwamba mbwa yule alikwisha kabidhiwa dada yake hapo mjini, na tangu alfajiri amerudishwa mara mbili. Akainama, akaokota mawe. La kwanza lilimkosa, la pili likampata ubavuni. Mbwa akalia, akarudi nyuma hatua kumi, akaketi, akamtazama bibi yake kwa utulivu wa mdai ambaye ameambiwa aje kesho naye anajua ya kuwa hana kesho nyingine. Gari likaondoka. Nilipogeuka, alikuwa anakimbia.

Tuliposimama kwanza kushusha abiria, tukiwa hatujaenda mbali, alitufikia, ulimi nje, akapigwa jiwe la tatu. Hapo mjadala ukazuka garini. Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema kwamba mbwa hamfuati mama, anafuata angara. Na kwa insafu sina budi kukiri kuwa hoja yake ilikuwa na nguvu, maana harufu ya vikapu vile ilikuwa imetutawala sote, na pua ya mbwa, kwa jinsi Mola alivyoiumba, hunusa kisichofikiriwa na pua ya mwanadamu.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu Arua akanigeukia, kwa sababu ya kofia yangu nadhani. “Hajji,” akasema, “mawe hayo mimi nayajua.” Akasimulia kwamba baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, na mwaka uliofuata vita vilipoingia vijijini, jamaa zake walikimbia usiku kwenda Sudan, kama wengine walivyokimbilia Zaire, na baba yake, akichelea kubweka kwa mbwa kusije kukawafichua, alimpiga mawe mbwa wao mpaka akarudi. “Yule wetu alikuwa mtiifu,” akasema. “Akarudi nyumbani. Tuliporejea baada ya miaka sita hatukukuta hata mfupa.” Kijana hakusema tena habari ya samaki.

Milima ya Maracha ikatupita, na mbwa asionekane nyuma yetu. Nami, katika kimya kile, nilifikiri kwamba tumezoea kumsifu mnyama huyu kwa utii, ilhali fadhila yake iliyo kubwa ni inadi. Wajapani walimsimamishia sanamu mbwa Hachiko, aliyemngojea Profesa Ueno katika kituo cha Shibuya tangu bwana huyo alipofariki Mei 1925 hadi yeye mwenyewe alipokufa Machi 1935. Habari hiyo ni ya kutoa machozi, lakini Hachiko hakufukuzwa na mkono uleule alioupenda.

Koboko ni mji wa mpakani. Kongo iko hapa na Sudan Kusini iko pale, na katika duka moja utasikia Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba kabla hujapewa chenji. Mwenyeji wangu, fundi cherahani wa Kinubi, ambaye jadi yake ni wale askari wa Emin Pasha waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891, alikuwa jirani wa yule mama, ukuta kwa ukuta. Tulikuwa tumekwisha sali isha, tumekaa barazani, ndipo nilipoona kitu kikija polepole gizani, kikikanyaga kwa miguu mitatu.

Vikapu vya angara vilikuwa pale ukumbini kwa mama, vimefunikwa kwa gunia tu. Mbwa alivipita, asigeuze hata pua. Akaenda mpaka kwenye kizingiti cha chumba alimolala bibi yake, akajilaza, akanyoosha miguu ya mbele. Na nani aliyesoma Sura ya Al-Kahf asingemkumbuka yule mwenzi wa vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini vivyo hivyo? Mama akatoka, akasimama, akamtukana kwa Kikakwa. Sikuyajua maneno. Kisha akaketi chini, akaupakata mguu wenye damu, akaanza kutafuta mwiba kwa mwanga wa simu.

Nilimletea mbwa maji katika bakuli, naye katika pupa yake akanilamba mkono na ncha ya kanzu. Sisi wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafii, tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Mwenyeji wangu akacheka, akasema kwamba kwa madhehebu ya Imamu Malik, yaliyoenea Sudan walikotoka wazee wake, mbwa aliye hai ni twahara. Sikujadiliana naye. Nilikwenda bombani, nikaosha mara saba, moja kwa udongo mwekundu wa Koboko, nikarudi kumwongezea mbwa maji.

Asubuhi mama alijitwika vikapu kwenda sokoni, mbwa akamfuata akichechemea. Mawe yalikuwa tele njiani; hakuokota hata moja.