Swichi Iitwayo KISASA

Wasomaji wengi wa gazeti letu hudhani kwamba kazi ngumu katika Chama cha Kompyuta ni kuandika programu. Naam, ni kazi. Lakini muhula huu tulibishana majuma mawili, kila siku baada ya prepu, juu ya jina la swichi moja tu, na nataka kueleza kwa nini.

Programu yetu ya kuorodhesha vitabu vya maktaba imeandikwa kwa lugha ya C++. Lugha hii ilianzishwa na Bwana Bjarne Stroustrup katika Bell Labs mwaka 1979, nayo ina kamati ya kimataifa inayoisanifu, kama Kiswahili chetu kilivyopata kamati yake mwaka 1930. Kiwango cha kwanza kilitoka 1998, kisha 2003, 2011, 2014, 2017, 2020 na kuendelea. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu yawe amri za mashine, huambiwa ifuate kiwango kipi. Isipoambiwa, hufuata desturi yake.

Ndugu zetu waliotutangulia waliweka swichi ya hiari wakaiita KISASA. Ukiiwasha, programu hujengwa kwa kiwango cha 2011. Katika kompyuta zetu za kale, zenye GCC 4.8, desturi ni kiwango cha 1998, basi kwao jina lilistahili. Mwaka huu zikaja kompyuta mbili zenye GCC 11, ambayo desturi yake ni kiwango cha 2017. Tazama kioja hicho: anayewasha KISASA hurudishwa nyuma miaka sita!

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aliandika sehemu ya wadaiwa wa vitabu kwa kutumia std::optional, kifaa kilichoingia katika lugha mwaka 2017, kinachofaa sana kwa kitabu ambacho huenda kina mwazimaji na huenda hakina. Akawasha KISASA, kama jina lilivyomshauri. Kompaila ikakataa. Alitafuta kosa katika maandishi yake jioni tatu mpaka kengele ya kulala, na kosa halikuwamo. Wakati huo sisi wa Kidato cha Nne tulikuwa tukingoja orodha hiyo, maana asiyerudisha vitabu haruhusiwi kuondoka na cheti chake, na asiye na deni naye hupenda jambo hilo lithibitishwe.

Kuifuta swichi hatuwezi. Kompyuta tatu za kale hazikijui kiwango cha 2017 hata kidogo, na huko programu hutumia kifaa kidogo tulichojiandikia wenyewe.

Basi iitweje? Mmoja alitaka MPYA. Nilimjibu kwamba upya ni jambo la siku ile tu. Hata wakubwa yamewapata. Kiwango cha 2011 kilipokuwa kikitayarishwa kiliitwa C++0x, ile x ikingoja tarakimu ya mwisho ya mwaka, kwa kuwa walitumaini kumaliza kabla ya 2010. Mwaka ukawapita. Watani wakasema x si kitu, tuhesabu kwa kumi na sita, ambako B ni kumi na moja! GCC bado hulipokea jina hilo la zamani, ila inawaambia watu wasilitumie tena.

Mwingine alileta mfano wa vcpkg, ghala la vifurushi la Microsoft, ambamo kifurushi cha Abseil kiliwahi kuwa na chaguo liitwalo cxx17. Herufi x mbili zinasimama mahali pa alama za kujumlisha, kwa kuwa alama hizo hazikubaliki kila mahali katika majina. Mfano huo ulinipendeza, maana jina linataja mwaka, wala halijisifu. Tena swichi ile haikuwa pambo. Abseil ilikuwa na string_view yake, lakini ilipojengwa kwa kiwango cha 2017 ilitumia ile ya lugha yenyewe, na sehemu mbili zilizojengwa kwa viwango tofauti ziliweza kukataa kuunganishwa.

Hata hivyo sikuridhika. Leo CXX17, kesho CXX20, na mtu akiziwasha zote mbili, itiiwe ipi? Spack, inayotumika kwa kompyuta kubwa za kisayansi, ina chaguo moja cxxstd, nawe unaandika namba: cxxstd=17. Chaguo moja haliwezi kushika namba mbili kwa wakati mmoja. Nikapendekeza KIWANGO_CXX.

Mwenzangu wa bweni alipinga kwa nguvu. Alisema mtoto wa Kidato cha Kwanza hajui 17 ni nini, bali neno humwongoza. Ana haki kiasi. Lakini asiyejua namba huuliza, na aliyedanganywa na neno haulizi.

Tulipiga kura, saba kwa nne. KISASA imeachwa kwa mwaka mmoja, na anayeiwasha huonyeshwa onyo lenye jina jipya. Orodha ya wadaiwa ilitoka Ijumaa iliyofuata, nami nilikuwamo kwa kitabu kimoja cha Jiografia. Swali lililobaki ni namba ipi iwekwe kwa asiyechagua kitu. Mimi nasema 11, mpaka kompyuta ya mwisho ya kale itakapokufa. Kidato cha Tatu wanasema 17, nao ndio watakaokuwa na funguo za chumba tutakapomaliza mtihani mwezi wa Novemba.