Siku Niliyoshuka Majini Kisite



Ndugu yangu mdogo alizama baharini nikiwa na miaka 12. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa pwani ambaye maji hayampiti magoti, na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Binti yangu aliponiomba ruhusa ya kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, nilikataa. Mama yake hakusema neno, alinitazama tu. Siku ya tatu nikalegea: mwalimu awe mwanamke, nami niandamane naye. Sikujua kwamba kuandamana ni kuvikwa mtungi mgongoni.

Mashua ilitutoa Shimoni asubuhi, ikapita Wasini, ikatufikisha Kisite, kisiwa kidogo cha mwamba kisicho na mkazi, ndani ya hifadhi ya bahari. Maji ya hapo ni maangavu, na matumbawe huanzia karibu na uso wa maji. Ndiyo sababu wanaoanza hupelekwa huko. Mgeni wa siku ya kwanza hapitishwi mita 12.

Binti alivaa vazi la mpira, juu yake shati refu pana, na kichwani kitambaa cha kuogelea. Mwalimu aliridhia, mradi pasiwe na kinachoning'inia kikanasa.

Amri yake ya kwanza ilinishangaza: usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka mtu anapopanda, na mwenye kuizuia huumia. Nami umri wangu wote nilidhani pumzi iliyozuiwa ndiyo iokoayo! Kisha masikio: kufika mita 10, mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu, basi hubana pua ukapuliza taratibu, kabla maumivu hayajaja.

Nikasema Bismillahi, tukashuka. Mita mbili za mwanzo moyo ulinidunda hata nikataka kurudi. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayetafuna kashata. Alikuwa pono, akiguguna mwamba kwa mdomo wake. Anachokila humtoka mchanga mweupe, huo huo tunaotandikia mikeka ufukweni. Pono huyu nimemla miaka hamsini, sikuwahi kumjua. Kasa naye akatupita bila haraka, kama mzee atokaye msikitini.

Nikamwinulia binti yangu dole gumba, kumwambia mambo ni mazuri. Mara mwalimu akanishika mkono, akaanza kunipandisha! Kumbe chini ya maji dole gumba ni kusema "tupande". Mambo mazuri ni kidole cha shahada kukutana na gumba, kama duara. Binti alicheka hadi mapovu yakamficha uso.

Tulipokuwa tukirudi, nilimsimulia habari za ami yake. Hajapata kuzisikia kwangu. Alitaka kujua jina lake, alivyofanana, na kama alikuwa mtundu. Tulifika Shimoni sijamaliza.

Kaskazi ikituliza bahari tutarudi, inshallah. Mama yake naye atakuja, ila amesema atabaki mashuani na birika lake la kahawa.