Knoxville: Ukuta Hauonekani, Mbwa Hatoki!

Ukizoea kuta za Dar, zile zenye vipande vya chupa juu na kibao cha "Mbwa Mkali" getini, mitaa ya pembezoni mwa Knoxville itakuchanganya. Mji huu uko mashariki mwa jimbo la Tennessee, Marekani, na hewa ikiwa safi unaiona milima ya Great Smoky kwa mbali. Nyumba nyingi zimekaa katikati ya majani yaliyofyekwa vizuri, mbele hakuna ukuta wala seng'enge. Halafu unakuta jibwa limelala barazani, linakukodolea macho, na wala halivuki kuja barabarani.

Usidhani ni adabu, bwana. Ni umeme! Mmarekani Richard Peck alisajili uvumbuzi huo miaka ya 1970. Waya unafukiwa ardhini kuzunguka kiwanja, kijisanduku ndani ya nyumba kinatuma mawimbi, na mkanda shingoni mwa mbwa unayanasa. Akisogelea waya anasikia mlio. Akikaidi, anapigwa shoti. Kabla ya hapo hufundishwa mpaka kwa vibendera vilivyochomekwa kwenye majani. PetSafe, kampuni kubwa ya vifaa hivyo, ina makao yake hapahapa Knoxville.

Mwenyeji wangu, Mbongo mwenzetu ambaye jina lake nalihifadhi, anabuni programu ya simu kwa ajili ya mikanda ya kisasa. Hii haina waya ardhini, inategemea setilaiti za GPS. Mwenye mbwa anachora mpaka kwa kidole kwenye ramani ya simu, basi, kazi imekwisha.

Imekwisha kwenye matangazo, lakini siyo kazini kwake. GPS hukosea mita kadhaa, na chini ya miti au karibu na kuta inakosea zaidi. Ukichora mpaka ukingoni mwa barabara, mlio unaweza kulia wakati mbwa ameshafika kwenye magari. Kwa hiyo programu yake inakung'ang'aniza urudishe mstari ndani. Pia mpaka unahifadhiwa kwenye mkanda wenyewe, ili mtandao ukikatika mbwa asigeuke mzururaji. Na simu inapiga kelele kwa mambo matatu tu: mbwa ametoka, betri inaisha, au mkanda umepoteza setilaiti. Mengine yanakaa kimya, maana simu ikilia kila dakika mtu huacha kuitazama.

Sasa njoo kwenye ugomvi. Mabosi wake walitaka kitufe kikubwa ukurasa wa kwanza: unabonyeza, mbwa anapigwa shoti hata kama wewe uko mji mwingine. Jamaa akagoma, na mkataba wake ukaanza kuyumba.

"Kaka, mbwa akipigwa shoti mpakani baada ya mlio, ameonywa na anajua pa kurudi," aliniambia tukiwa jikoni kwake. "Mtu akiwa ofisini, ana hasira zake, akabonyeza, mbwa ataelewa nini? Labda alikuwa anamtazama mtoto wa jirani. Kesho atamchukia huyo mtoto."

Siyo yeye peke yake anayewaza hivyo. Wales walipiga marufuku mikanda ya shoti tangu 2010, na hata ile ya mpakani imo. Marekani bado inauzwa madukani.

Nilipoondoka, mabosi walikuwa wamekubali kitufe cha mlio na mtetemo. Cha shoti kilikuwa bado kinabishaniwa, na jamaa alikuwa hajalegeza kamba.

Kwa hiyo wewe unayeota kumwacha Simba wako nyumbani ukamchunge kwa simu toka kijiweni, elewa kwamba programu nzuri ni ile inayokuita urudi nyumbani haraka. Na usivunje ukuta wako kwanza. Huu wa Knoxville unamzuia mbwa tu. Mwizi havai mkanda!